Somo: Jinsi Kunde Inavyowaita Bakteria, na Namna ya Kulishuhudia Hilo kwa Makopo Manne

Kunde iliyojiotea kando ya uzio, katika udongo usiotiwa chochote, mara nyingi ukiichimba utaikuta mizizi yake imejaa vinundu vidogo vya mviringo. Ile iliyopandwa kwenye ndoo iliyoshindiliwa mbolea ya kuku, yenye majani mapana ya kijani kilichokolea, huenda isiwe na kinundu hata kimoja. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo hili. Mmea wa jamii ya kunde hauwaiti bakteria kwa mazoea. Huwaita ukiwa na njaa ya nitrojeni, na ukishiba hunyamaza. Mkulima asiyelijua hilo hutoa fedha zake kununua mbolea inayozima huduma aliyokuwa akiipata bila malipo.

Somo limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye roshani au kipande cha ua hapa Mombasa, awe Kisauni, Likoni au Changamwe, na kwa walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi jambo ambalo vitabu hulieleza kwa mchoro tu. Kazi yote huchukua wiki sita hivi. Ninaposema kwamba mmea unaita na bakteria wanaitikia, ninazungumzia kemikali zinazotoka upande mmoja na kubadilisha utendaji wa jeni upande wa pili. Hakuna nia wala fikira, lakini yuko mtumaji, upo ujumbe, yuko mpokeaji, na wapo hata wadukizi, kama itakavyoonekana kwenye maswali.

Vifaa

Utahitaji mitungi minne ya mafuta ya kupikia ya lita tano iliyokatwa juu, au makopo ya rangi yaliyosafishwa vizuri, yote yawe ya ukubwa mmoja na yametobolewa chini. Tafuta pia sufuria kuukuu yenye kifuniko ambayo haitarudi tena jikoni, jiko la makaa, beseni, wembe mpya, urea kidogo kutoka agroveti, na kalamu ya kuandika nambari juu ya makopo. Nambari ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu baada ya wiki tatu kila mtu huamini kwamba anakumbuka kopo lipi ni lipi.

Hatua ya kwanza: udongo

Chota udongo mahali ambapo kunde, pojo au mbaazi zimewahi kumea, uuchekeche kuondoa vipande vya matumbawe na mizizi ya zamani, kisha uuchanganye na mchanga wa mto uliooshwa ili maji yapite kwa urahisi. Usitumie mchanga wa ufuoni, kwani chumvi yake itaharibu kazi kabla haijaanza. Ugawe mafungu manne yaliyo sawa, na mawili kati yake uyaache yalivyo. Mawili yaliyobaki yaloweshe kidogo bila kuyafanya tope, uyatie kwenye sufuria, uifunike, na uyapike nje kwa moto mdogo mpaka mvuke utoke katikati ya udongo. Tangu hapo uendelee kwa nusu saa. Harufu yake si nzuri na majirani watauliza. Bakteria tunaowashughulikia hawana spora, yaani maganda magumu ya kujihifadhi, za kuwakinga na joto, kwa hiyo mvuke unawamaliza. Bakteria wengine wenye spora watasalimika, lakini hao hawahusiki na jaribio letu.

Acha udongo uliopikwa upumzike siku kadhaa kabla ya kuutumia. Joto hufungua virutubisho vilivyokuwa vimeshikiliwa, hasa nitrojeni ya amonia na manganizi, na mche unaweza kuungua. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na kopo la nne. Kopo la kwanza litakuwa na udongo hai. La pili litakuwa na udongo hai utakaotiwa urea. La tatu litakuwa na udongo uliopikwa. La nne litakuwa na udongo uliopikwa, kisha ukarudishiwa kikombe kimoja cha udongo hai na kuchanganywa. Mtu akidai kwamba mimea ya kopo la tatu imekosa vinundu kwa sababu joto liliharibu udongo, kopo la nne litamjibu: udongo ni uleule, moto ni uleule, kilichoongezwa ni viumbe hai tu. Mpango huu si wangu. Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walitumia mchanga uliotakaswa kwa joto na maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shamba, na mwaka 1886 wakatangaza kwamba njegere na jamii yake hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vya udongoni. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wenyewe.

Hatua ya pili: mbegu

Nunua kunde kavu sokoni Kongowea au dukani, zile za kupika. Mbegu za kupanda zilizopakwa dawa ya rangi hazifai hapa, kwa kuwa dawa ya kuzuia ukungu inaweza kuwadhuru bakteria pia. Zichovye dakika mbili au tatu katika maji yaliyotiwa jiki kidogo, uzisuuze mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha upande tano katika kila kopo. Zikishaota, bakiza miche mitatu iliyolingana. Kopo la tatu limwagilie maji yaliyochemshwa, tena uliweke juu kuliko mengine, ili matone ya udongo hai yasilirukie.

Hatua ya tatu: kungoja, na yanayotendeka chini

Katika wiki hizi mbili za kwanza mtu wa juu haoni chochote cha maana, ilhali kazi yote kubwa inafanyika. Mzizi humwaga udongoni sehemu ya chakula kilichotengenezwa na majani: sukari, asidi mbalimbali, na miongoni mwake flavonoidi, jamii ya kemikali ambayo pia hutia rangi katika maua na maganda ya matunda mengi. Mmea uliopungukiwa na nitrojeni huzitoa kwa wingi zaidi, na kila aina ya mmea ina mchanganyiko wake. Bakteria wanaohusiana na kunde, wengi wao wakiwa wa jenasi ya Bradyrhizobium, wana protini iitwayo NodD. Flavonoidi inayofaa ikiifikia protini hiyo, jeni zilizokuwa zimelala huamka, na bakteria huanza kutengeneza ujumbe wa kujibu.

Ujumbe huo, unaoitwa molekuli ya Nod, una uti wa vipande vinne au vitano vya kaitini, dutu ileile iliyo katika ganda la kamba na la kaa, na mwishoni umeungwa mkia wa mafuta. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Miligramu moja tu ikiyeyushwa katika tangi la maji la lita 1,000, maji hayo bado yanaweza kuufanya unyweleo wa mzizi ujikunje, na zipo spishi zinazoitikia kiasi kidogo kuliko hicho.

Hapa ndipo ninapopaona patamu kuliko pote katika habari hii. Kuvu wanaoshambulia mimea nao wana kaitini katika kuta za seli zao, na mmea una vipokezi vya kuitambua ili uanze kujilinda. Vipokezi vinavyopokea ujumbe wa bakteria wa kunde ni ndugu wa karibu wa hivyo vya ulinzi. Viwili kati yake vilielezwa mwaka 2003 na watafiti wa Denmark, katika mmea mdogo uitwao Lotus japonicus. Mnyororo mrefu wa kaitini tupu husomwa kuwa adui. Mnyororo mfupi wenye mkia wa mafuta na vikundi vidogo vya kemikali vilivyopachikwa mahali panapotakiwa husomwa kuwa mgeni aliyealikwa. Kwa hiyo rafiki na adui hubisha mlango mmoja, na kinachowatenganisha ni viungo vichache vya molekuli. Vikundi hivyo hutofautiana baina ya bakteria, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya bakteria wazuri wa soya wasiwe na faida yoyote kwa maharagwe.

Unyweleo ukijikunja hulinasa kundi dogo la bakteria katika mkunjo wake. Ukuta wa seli hulegea, mrija mwembamba hujengeka kuelekea ndani, na bakteria husonga mbele wakigawanyika ndani ya mrija huo. Wakati huohuo seli za kati ya mzizi, ambazo bado hazijaguswa na bakteria yeyote, zimekwisha kuanza kugawanyika ili kujenga kinundu. Mrija ukifika, bakteria huachiliwa ndani ya seli, lakini wakiwa wamezungushiwa utando wa mmea wenyewe, na tangu hapo kila kinachoingia na kutoka hupita katika utando huo.

Hatua ya nne: urea kwa kopo la pili

Wiki moja baada ya miche kutokeza, yeyusha robo ya kijiko cha chai cha urea katika lita moja ya maji na ulimwagilie kopo la pili peke yake, kidogo kidogo kwa siku mbili. Rudia baada ya wiki mbili. Makopo mengine yapewe maji matupu kwa kiasi hichohicho.

Hatua ya tano: kuosha mizizi

Wiki ya tano au ya sita, maua ya kwanza yanapotaka kutokeza, ndio wakati wa kuchimba. Usiing'oe mimea, kwa maana vinundu hubaki udongoni na utahitimisha uongo. Zamisha kopo zima kwenye beseni la maji kwa nusu saa, ulilaze, kisha uutoe mzizi taratibu huku ukiusuuza. Uweke juu ya karatasi nyeupe au sinia.

Katika kopo la kwanza utaona vinundu vimejishika ubavuni mwa mizizi, vingi vikiwa karibu na mzizi mkuu, vikiwa na ngozi ya rangi ya udongo mkavu yenye mistari myepesi. Katika kopo la nne vitakuwapo pia, huenda vikiwa vichache kwa kuwa bakteria walianza wakiwa wachache. Kopo la tatu litakuwa na mizizi mitupu, na majani ya chini yatakuwa yamegeuka manjano, kwani mmea huhamisha nitrojeni kutoka majani ya zamani kuyalisha machanga. Kopo la pili litakuwa na majani mazuri kuliko yote na vinundu vichache sana, tena vidogo.

Kilichotokea katika kopo la pili si kwamba urea imewaua bakteria. Wamo humohumo. Mizizi inapoanza kujenga vinundu, au inapoionja naitreti nyingi udongoni (ndiyo urea hugeuka kuwa), hutengeneza peptidi ndogo, vipande vifupi vya protini, zinazosafiri kwa maji ya mmea hadi majanini; majani nayo hurudisha ishara chini ya kusimamisha ujenzi. Hesabu yake ni rahisi kuielewa: kuigeuza molekuli moja ya nitrojeni ya hewa kuwa amonia hugharimu molekuli 16 za ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, na gharama hiyo yote inalipwa na sukari ya mmea. Ikipatikana nitrojeni iliyo tayari, mmea hauna sababu ya kuwalisha wapangaji.

Hatua ya sita: kupasua kinundu

Chukua kinundu kikubwa cha kopo la kwanza, ukikate katikati kwa wembe na ukitazame papo hapo kwenye mwanga wa jua. Ndani utaona rangi ya waridi au nyekundu, yenye majimaji, ambayo ukiipangusa kwa kitambaa cheupe huacha doa. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini yenye chuma iliyo jamaa ya himoglobini ya damu yetu. Kimeng'enya cha kunasa nitrojeni huharibiwa na oksijeni, lakini bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili wapumue. Leghemoglobini huishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo, bakteria wakapata ya kutosha na kimeng'enya kikasalimika. Kinundu cheupe ndani ni kichanga bado au kina bakteria wasiofanya kazi. Cha kijani au kahawia kimezeeka.

Bakteria wavivu wapo, na mmea una njia ya kuwashughulikia. Katika jaribio la soya lililochapishwa mwaka 2003, Toby Kiers na wenzake walivizungushia baadhi ya vinundu hewa isiyo na nitrojeni, wakitia agoni mahali pake, ili bakteria waliomo wasiweze kutoa chochote hata wakitaka. Bakteria hao walizaana kwa uchache kuliko wenzao, na dalili zilionyesha kwamba mmea ulikuwa umepunguza oksijeni inayoingia katika vinundu hivyo. Mkataba huu, kwa hiyo, una ukaguzi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Mwanachama wa Kisauni: Mwalimu, shikamoo. Sisi hapa tunategemea kisima, na maji yake yana chumvi ya kuonjeka. Kunde zinaota lakini vinundu ni vya kutafuta. Je, chumvi ndiyo sababu?

Marahaba. Inawezekana sana. Hatua inayoumizwa zaidi na chumvi ni ile ya mwanzo, wakati vinyweleo vya mizizi vinapochipuka na kujikunja; vinundu vilivyokwisha kukomaa huvumilia zaidi. Kama maji ya mvua au ya mfereji hupatikana kwa shida, yatumie katika wiki tatu au nne za mwanzo, halafu urudi kwenye maji ya kisima ukihakikisha kopo linatiririsha vizuri chini ili chumvi isijilimbikize. Ukipanda mwanzo wa vuli au wa masika, mvua itakufanyia kazi hiyo.

Mama mmoja wa Likoni: Mwalimu, mizizi ya kunde zangu ina mavimbe mengi sana, nami nilifurahi nikidhani ni vinundu. Nilipojaribu kuyabandua hayabanduki, na mmea wenyewe umedumaa.

Pole, mama. Hayo si vinundu, ni kazi ya minyoo ya mizizi, jenasi ya Meloidogyne, ambayo hustawi sana katika udongo wa kichanga kama wetu. Kinundu cha bakteria kimejishika ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa ukucha, na ndani kina rangi ya waridi. Vimbe la minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, huwezi kuliondoa bila kuukata. Lava wa mnyoo huingia karibu na ncha ya mzizi na kumwaga protini zinazozilazimisha seli chache za mmea zikue kupita kiasi, na seli hizo humlisha mnyoo maisha yake yote. Hata hivyo mmea si kiziwi: yapo majaribio yaliyoonyesha kwamba mimea huzitambua askarosidi, kemikali ambazo minyoo huzitumia kuwasiliana wao kwa wao, na huongeza ulinzi inapozihisi. Udongo huo usiupandie tena kunde, nyanya wala bamia. Ukiuanika juani ukiwa umelowa na kufunikwa karatasi angavu ya plastiki kwa wiki kadhaa za kiangazi, utapunguza minyoo mingi.

Mwanachama wa Changamwe: Nyanya zangu hunyauka ghafla mchana zikiwa na majani mabichi kabisa, na baada ya siku chache zinakufa. Je, nayo ni habari ya bakteria wanaowasiliana?

Kaka, huenda ndiyo, na unaweza kulithibitisha jikoni. Kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa imezama, na usiitikise glasi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria Ralstonia solanacearum, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Nyuzi hizo ni bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni. Mnyauko unaoletwa na kuvu hautoi nyuzi hizo.

Bakteria huyu akiwa mchache hutulia na kutafuta njia ya kuingia mizizini. Kila seli hutoa kemikali yenye asili ya mafuta, na wakishasongamana ndani ya mishipa ya maji ya mmea, kemikali hiyo huwaamsha wote kutengeneza ute mzito unaoziba mishipa. Ndiyo maana mmea unaonekana mzima leo na kesho umelala. Dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kunyauka haipo. Ung'oe pamoja na udongo wake, uuchome, usafishe jembe, na mahali hapo usipande nyanya, pilipili, biringani, viazi wala mnavu kwa misimu kadhaa. Wakulima wengine huunganisha kikonyo cha nyanya juu ya shina la biringani la aina inayostahimili ugonjwa, na njia hiyo inafaa.

Mwalimu wa sekondari: Wanafunzi wangu wameniuliza bakteria anawezaje kujua kwamba wenzake wamekuwa wengi, ilhali hana ubongo wala macho. Ningependa maelezo yanayofaa darasani.

Mwalimu mwenzangu, bakteria hawahesabu mmoja mmoja. Kila seli huvujisha molekuli ndogo wakati wote. Seli zikiwa chache, molekuli hutawanyika na kupotea. Zikiwa nyingi mahali palipobana, molekuli hujaa mpaka zinarudi ndani ya seli au kuvishika vipokezi vyake, na jeni fulani zinawashwa kwa pamoja. Wataalamu huita jambo hili kuhisi akidi. Lilianza kueleweka kwa bakteria wa baharini wanaong'aa: mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings walionyesha kwamba bakteria hao hawaanzi kutengeneza vifaa vya mwanga mpaka dutu waliyoitoa wenyewe ifikie kiwango fulani katika maji. Mmoja wa bakteria hao, Aliivibrio fischeri, huishi katika kiungo cha mwanga cha ngisi mdogo wa Hawaii. Kila alfajiri ngisi huwatoa nje karibu wote, wachache wanaobaki huzaana mchana kutwa, na jioni akidi inapotimia taa inawaka, naye ngisi huwinda bila kuacha kivuli chini yake.

Wanafunzi wa pwani wataleta habari ya maji yanayomemeteka usiku wanapoyachezea. Hayo kwa kawaida si bakteria, ni viumbe wa seli moja waitwao dinoflajelati, ambao hutoa mwanga wanapobughudhiwa tu. Mwanga wa bakteria hautikisiki wala haukatiki. Januari 1995 meli ya mizigo Lima ilipita katika bahari iliyong'aa nyeupe upeo wote wa macho karibu na Pembe ya Afrika, na miaka kumi baadaye wanasayansi waliikuta bahari hiyo nyeupe katika picha za setilaiti, ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 15,400. Inadhaniwa ilikuwa kazi ya bakteria waliojaa juu ya mwani.

Usiwaache wakidhani kwamba wingi siku zote huleta shambulio. Bakteria wa kipindupindu hufanya kinyume: wakiwa wachache utumboni hujibandika na kutoa vifaa vya ugonjwa, na wakishakuwa wengi huzima vifaa hivyo na kujiandaa kutoka kwenda kwa mtu mwingine. Viumbe ambao bakteria huishi juu yao nao wamejifunza kuvuruga mawasiliano hayo. Mwani mwekundu wa Australia uitwao Delisea pulchra hutoa furanoni zinazofanana na ishara za bakteria na kuzizuia zisisomeke, hivyo bakteria hawalifuniki jani lake kwa urahisi.

Mwanachama kutoka Kwale: Mahindi yetu yanashambuliwa na gugu la kiduha lenye maua mekundu. Mzee mmoja hushikilia kwamba mahindi yenyewe ndiyo yanayokiita. Je, ni kweli?

Mzee wako amesema kweli, ingawa mwito haukukusudiwa kiduha. Mahindi yaliyopungukiwa na fosforasi hutoa strigolaktoni ili kuwaita kuvu wa mikoriza, ambao nyuzi zao hufika mbali kuliko mizizi na kuleta fosforasi kwa malipo ya sukari na mafuta. Kiduha ni mdukizi. Mbegu yake, ndogo kama vumbi, inaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi ikingoja kuhisi kemikali hiyo, kwa kuwa ndiyo ithibati kwamba mzizi wa kuunyonya uko karibu. La ajabu ni kwamba sayansi nayo ilimjua mdukizi kabla ya mwalikwa: kemikali ya kwanza ya kundi hili ilitengwa mwaka 1966 kwa sababu ya kuotesha mbegu za kiduha, na mwaka 2005 ndipo watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba ndiyo inayowaita kuvu.

Ukirudisha rutuba, hasa fosforasi, mwito hupungua na kiduha nacho hupungua. Njia nyingine ni kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, njia iliyokuzwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita. Mizizi ya desmodiamu huziotesha mbegu za kiduha kisha huzizuia zisijishike kwenye mahindi, zikafa njaa. Na kwa kuwa ni jamii ya kunde, huongeza nitrojeni pia. Kiduha king'olewe kabla hakijatoa mbegu, maana mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu.

Mwanachama wa Bamburi: Nimeona vinundu vikubwa kwenye mizizi ya mvinje, na mvinje si jamii ya kunde. Vimetoka wapi?

Umeona vizuri. Humo hamna rhizobia, yaani wale bakteria wa kunde, mna Frankia, bakteria wa jamii nyingine wanaojenga nyuzi. Nao hunasa nitrojeni, na mvinje huwapokea kwa kutumia baadhi ya jeni zilezile ambazo kunde huzitumia, na ambazo pia hutumika kuwapokea kuvu wa mikoriza. Ushahidi wa nguvu yao uko karibu nawe. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, juu ya matumbawe matupu yasiyo na udongo, aina 26 zilijaribiwa na tatu tu zikahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu hayakuoza hadi walipoletwa majongoo wa kuyala, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kujenga udongo wa msitu uliopo leo. Ukiotesha mvinje nyumbani, chukua udongo kidogo chini ya mvinje mkubwa uutie kwenye kopo la mche.

Mwanachama wa Mtwapa: Agroveti wanauza pakiti ya bakteria wa kuchanganya na mbegu. Je, ninunue kwa ajili ya kunde?

Kwa kunde na pojo, kwa kawaida huna haja, dada. Mimea hiyo hukubali aina nyingi za Bradyrhizobium waliomo katika udongo wetu, na kopo lako la kwanza litakuonyesha kama wapo. Kwa soya ni tofauti, kwa kuwa aina nyingi za soya huchagua, na shamba lisilowahi kuipanda huenda lisiwe na bakteria wake. Hapo pakiti inalipa. Hakikisha imeandikwa jina la mmea unaoukusudia, tazama tarehe ya mwisho, na uulize ilikuwa imehifadhiwa wapi. Waliomo ni viumbe hai, na pakiti iliyokaa dirishani juani imebaki unga tu. Changanya na mbegu kivulini, asubuhi au jioni, upande siku hiyohiyo, na usiiguse kwa mikono iliyoshika mbolea ya chumvichumvi au dawa ya mbegu.